Mjomba amenikabidhi funguo za karakana, na mimi nimebakiza miaka miwili chuoni

BARUA

Shikamoo Mama.

Mimi ni binti wa miaka 23, wa hapa Tabora mjini. Nasoma Dar es Salaam, shahada ya usanifu wa ndani na samani, na nimemaliza mwaka wa pili kati ya minne. Chuo kinafunguliwa wiki tatu zijazo, na hadi usiku huu ninapokuandikia sijui kama nitapanda treni.

Nimelelewa na mjomba, kaka yake mama. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu. Mjomba alikuja kunichukua kwa baiskeli, mimi nyuma, begi langu kalitundika kwenye usukani. Ni fundi seremala, na karakana yake iko Ng'ambo, chini ya muembe mkubwa. Nimekulia kwenye maranda. Kazi za shule nilifanyia juu ya benchi la kurandia. Kidato cha pili nilikuwa napiga msasa mpaka mwenyewe anasema, "Sasa lete vanishi." Kidato cha nne nilitengeneza stuli peke yangu, tundu na ulimi, bila msumari hata mmoja. Wateja walikuwa wakimtania, "Fundi, siku hizi unafundisha mabinti?" Alikuwa akijibu, "Huyu ni mkono wangu wa kulia."

Nilipofaulu kidato cha sita, ukoo mzima ulitegemea niende ualimu. Niliomba usanifu. Mjomba peke yake ndiye hakuniuliza nikimaliza nitaajiriwa wapi. Mkopo wa Bodi sikupata wote, kwa hiyo kila muhula anajazia kama laki sita. Hiyo laki sita najua inavyopatikana. Kitanda cha tano kwa sita cha mninga anauza laki tano na nusu. Toa mbao, toa vanishi, toa guta la kupeleka kwa mteja, toa hela ya saidia fundi. Kinachobaki ukikitazama utaona aibu kukila.

Sasa shida yangu. Likizo hii alikuja mteja anayeishi Dar, akaagiza meza ya chakula ya watu wanane, ya mninga. Mjomba akamweleza atakavyoifunga: uso wa meza utapigwa gundi na skrubu kwenye fremu moja kwa moja, kama anavyofanya siku zote. Mimi nikadakia palepale mbele ya mteja, "Mjomba, hapo utakosea. Mbao inatanuka na kusinyaa. Tabora ni pakavu, Dar kuna unyevu, ukiikaza hivyo itapinda au itapasuka. Chuoni tunafundishwa kuacha nafasi." Nilisema kwa nia njema, Mungu ni shahidi wangu. Mteja alimtazama mjomba, akanitazama mimi, akasema atarudi. Hakurudi. Baadaye tulisikia ametoa advansi kwa fundi mwingine.

Mjomba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliinama akaendelea kuranda. Tangu siku ile tunaongea salamu na habari za chakula tu. Zamani alikuwa anafika karakana saa moja asubuhi, siku hizi anafika saa nne. Anakohoa, hasa tukipasua mninga, na macho yanamtoka machozi. Nikimwambia aende hospitali anasema ni vumbi tu, amelizoea miaka 27. Jumatatu iliyopita alinipa funguo zote mbili, wa mlango na wa kasha la vifaa. Akasema, "Shika. Mimi nimechoka." Akaondoka kwa miguu, hata baiskeli aliiacha.

Mtoto wake wa kwanza, ambaye namwita kaka, anaendesha bajaji. Aliposikia habari za funguo aliniambia, "Umesomeshwa na vitanda vyetu. Sasa kaa uvitengeneze." Na jirani mmoja akasema kwa sauti, ili nisikie, kwamba fadhila ya punda ni mateke.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mwaka wa kwanza tulitakiwa kubuni kiti. Changu kilipata alama kuliko vyote darasani, kwa sababu ya kiungo cha mguu wa nyuma: kuna kabari inayojikaza yenyewe mtu akikaa, haihitaji gundi wala skrubu. Mwalimu aliuliza nimekitoa wapi. Nikasema nimebuni mwenyewe, na kwenye ripoti nikaandika hivyohivyo. Si kweli. Ni kiungo cha mjomba, alinionyesha nikiwa kidato cha tatu. Nikimwona sasa anakohoa pale kwenye benchi, kile kiti kinanijia kichwani.

Nikirudi chuo naona karakana itafungwa, na nitakuwa nimemla mtu nikamwacha mifupa. Nikibaki, miaka miwili imekwenda bure na deni la mkopo liko palepale. Halafu kuna wanaoniambia hata hiyo kozi yenyewe haina maana, watu siku hizi wananunua makochi ya kiwandani. Mama, nifanye nini?

Mpwa wa Fundi, Tabora

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku huo, na ahsante kwa kuandika yote, hata lile la kiti ambalo ungeweza kuliacha na mimi nisingejua.

Nikikusikia vizuri, upande mmoja yupo mzee aliyekulea, kifua kinamsumbua, kazi inalegalega, na ndani ya nyumba kuna sauti inayokudai ulipe ulichokula. Upande wa pili kuna miaka miwili ya masomo, mkopo utakaodaiwa umalize au usimalize, na kazi uliyoipenda tangu ukiwa na msasa mkononi. Juu ya yote hayo umeweka ukimya wa mjomba. Nahisi huo ndio unaokukosesha usingizi kuliko ada.

Twende kwanza kwenye ile meza, maana naona mengi yameanzia pale. Kabla ya kukujibu nilikaa na watu wawili wanaoijua mbao kuliko mimi, mmoja wa benchi na mmoja wa darasani, nikawasimulia kisa bila kutaja mji. Wote wawili walicheka kidogo, kisha wakawa upande wako na upande wa mjomba kwa wakati mmoja. Mbao ni kweli inakunywa unyevu na kuutoa. Kwa urefu haibadiliki kiasi cha kuonekana, kwa upana ndiyo inayotembea, na inatembea zaidi kufuata zile duara za umri wa mti kuliko kuelekea kwenye kiini. Ndiyo maana mlango mzuri wa kabati, ule wa fremu na paneli, paneli yake haipigwi gundi; inaachwa icheze ndani ya mfereji wake. Ulichofundishwa chuoni ni sahihi, na meza iliyokazwa pande zote kweli inaweza kupasuka.

Lakini mbao hazifanani tabia. Mtundu mnaoupata huko kwenye miombo ni mkorofi: unapokauka unapinda na kupasuka, na ukiufunga uso wa meza kwa gundi na skrubu utakuumbua. Mninga ni mti mtulivu. Husinyaa kidogo sana ukilinganisha na mbao nyingi, na ukishakauka vizuri hauhangaiki. Mjomba wako amefunga meza za mninga kwa mtindo huohuo miaka 27, na kama zingekuwa zinampasukia wateja wangeshamrudishia. Anachokijua amekipata kwa mikono, juu ya mti huohuo, katika hali ya hewa hiyohiyo. Hata hivyo meza ya watu wanane ni pana, Dar ina unyevu wake, na mninga nao una kiasi chake cha kutembea. Kuyapanua matundu ya skrubu yakawa marefu kidogo ili uso upate pa kwenda ni kazi ya robo saa. Kama mazungumzo hayo yangefanyika nyinyi wawili mkiwa mmeinama juu ya ubao, pangetoka meza bora kuliko ya chuo na bora kuliko ya jana.

Yalifanyika mbele ya mteja. Neno ulilotumia lilikuwa "utakosea". Unajua fundi anauza nini, mwanangu? Mteja hajui mbao. Anamtazama fundi usoni, na akiuona uso umetulia anatoa advansi. Siku ile uliutikisa uso huo, na hukukusudia. Nakuomba usijipige kwa hilo zaidi ya kiasi. Watoto wengi wanaorudi nyumbani na elimu mpya hufanya hivyo mara moja, kwa sababu wanatamani sana wazee wao waone walichokipata huko. Lakini usilifunike pia. Hukuniandikia popote kwamba umemwomba radhi. Labda umeomba ukasahau kuandika. Kama bado, naona hilo lina haki ya kutangulia mbele ya uamuzi wowote wa chuo.

Sasa zile funguo. Nimelisoma tena na tena lile neno lake, "Shika. Mimi nimechoka." Umelichukua kana kwamba amesema uache shule. Mimi katika barua yako yote sijaona mahali mjomba aliposema uache shule. Aliyesema ni kaka yako. Mjomba alisema amechoka, na mtu anayekohoa anaposema amechoka inawezekana kabisa anamaanisha amechoka tu, mwili umegoma. Inawezekana ameumia na anakusukumia kazi aone utafika wapi. Inawezekana vilevile kwamba amekukubali. Kuna wazee ambao hawajui kusema "umeiva". Wanakupa ufunguo wa kasha la patasi zao, wanaondoka. Mtu hampi mjinga kasha la vifaa alilolifunga mwenyewe miaka 27. Sijui ni lipi kati ya hayo, na wewe hujui, na yuko nyumba hiyohiyo unayolala. Unapanga maisha ya miaka kumi ijayo juu ya maneno matatu ambayo hujamwuliza maana yake.

Kuna jambo moja ambalo halisubiri mazungumzo. Kile kifua. Hapo sina subira, nisamehe nikipaza sauti. Vumbi la mninga linafahamika kuwasha pua na macho na kuwaletea baadhi ya watu hali kama ya pumu, na kwa mtu wa namna hiyo hakuna kulizoea. Kadiri miaka inavyopita ndivyo linavyomwandama. Na vumbi la mbao kwa jumla, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka tangu 1995 kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na matundu yake. Sikuambii haya ili ulale ukilia. Mpeleke hospitali ya Kitete, mwambie daktari ni fundi seremala na anapasua mninga, maana daktari asipoambiwa kazi ya mgonjwa atatafuta ugonjwa mahali pengine. Kama kikohozi kimefika wiki mbili, apimwe na kifua kikuu pia. Matibabu yake ni bure na kinapona. Kitambaa mnachofunga puani kinazuia maranda, vumbi laini linapita. Tafuteni barakoa za kazi zinazobana uso vizuri. Mashine ya kupasulia itoeni nje, upande ambao upepo unaondoa vumbi kwa watu, na sakafu inyunyizieni maji kabla ya kufagia. Na saidia fundi wenu naye ana mapafu.

Kama hatataka kwenda, usimwambie "mjomba unaumwa". Mwambie unaogopa. Nadhani kwa yule aliyekufuata kwa baiskeli, neno hilo ni zito kuliko ushauri wa daktari.

Sasa nirudi kwenye njia zako, na nitakwambia ninavyoziona na hatari zake, maana hakuna iliyo nyeupe.

Unaweza kurudi chuo wiki tatu zijazo kama ilivyopangwa. Utakuwa umeilinda nafasi na mkopo, na utamaliza wakati ukiwa bado na moto. Lakini laki sita ya muhula inatoka wapi ikiwa mjomba amepumzika? Usiende Dar kwa matumaini, ukakwamia katikati ya muhula huku nyumbani nako pamekatika. Kaeni mhesabu: oda zilizopo kwenye daftari, mbao zilizolipiwa, nani anadaiwa. Huenda saidia fundi akiwa na michoro yako yenye vipimo kamili anaweza kushika vitanda na meza za kawaida, mjomba akisimamia akiwa amekaa kwenye kiti mbali na vumbi. Huenda hawezi. Hilo wewe ndiye unayelijua, umefanya naye kazi.

Unaweza kuahirisha mwaka mmoja. Vyuo vinaruhusu kuahirisha kwa sababu ya ugonjwa wa mzazi au mlezi, lakini kwa barua, kwa ushahidi, na kwa jibu la maandishi mkononi. Anayebaki nyumbani bila kuaga anahesabiwa ameacha, na kurejea huwa kazi kubwa. Mwone na afisa mikopo wa chuo kabla hujafanya lolote, akueleze mkopo wako utakuwaje ukirudi. Ninachokiogopa kwenye njia hii ni kitu cha kawaida sana: mwaka mmoja una tabia ya kuzaa mwingine. Karakana itakupa hela ya kila wiki, utakuwa na wateja wako, mtu atakuja na posa, na chuo kitaanza kuonekana mbali. Si lazima hayo yawe mabaya. Ila uyachague mwenyewe, yasikuchague.

Kuacha kabisa na kushika karakana sitakwambia ni kosa pia. Kuna watu wanaishi vizuri kwa ufundi na hawana shahada. Ningetaka tu kujua kama ungebaki kwa sababu unaitaka karakana au kwa sababu ya kumnyamazisha kaka yako na jirani. Ukiranda kwa ajili ya kulipa deni, utaichukia randa.

Na kuna njia ya nne ambayo barua yako imeibeba bila wewe kuiona. Umeandika kana kwamba chuo kiko mashariki na karakana iko magharibi. Bila shaka mmefundishwa habari za Hans Wegner wa Denmark, yule aliyebuni viti zaidi ya 500. Alianza uanagenzi kwa seremala akiwa na miaka 14, akafuzu akiwa na 17, ndipo baadaye akaenda kusoma Copenhagen. Benchi lilitangulia, darasa likafuata. Au fundi wa samani Michael Thonet na kile kiti chake cha 1859, mbao zilizokunjwa kwa mvuke: vipande 6 tu, na ukivifungua, viti 36 vinaingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, vinasafirishwa, vinafungwa hukohuko vinakofika. Sasa fikiria mninga uko Tabora na wenye hela ya meza ya watu wanane wako Dar. Kati yenu kuna reli. Na mjomba wako ana kiungo cha kabari kisichohitaji gundi wala skrubu, maana yake kinafunguka. Samani inayofungwa kwa kabari inaweza kusafiri bapa, imefungwa kwenye mkeka. Mimi si msanifu, lakini niliposoma habari ya kiungo hicho niliinuka kwenye kiti.

Muulize mshauri wako wa masomo kama fildi unaweza kuifanyia kwenye karakana ya nyumbani, na kama kazi ya mwaka wa mwisho inaweza kuhusu samani za mninga za kufungua na kufunga. Vyuo vina masharti kuhusu msimamizi wa fildi, na karakana ya chini ya muembe inaweza kukataliwa kwa kukosa karatasi. Hapo kuna jambo la kumsaidia mjomba: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini, wanapimwa ujuzi walio nao na kupewa cheti bila kuanza darasa upya. Akiwa na cheti na leseni ya biashara, anaweza hata kuomba zabuni za madawati. Kaka yako naye, mwenye bajaji na hasira, umemuuliza kama anaitaka karakana? Huenda maneno yale ni ya mtu aliyeona ufunguo wa baba yake ukipita mbele yake ukaenda kwa mwingine. Usimjibu kwa ukali. Mwite siku mtakayohesabu oda.

Kuhusu hao wanaosema kozi haina maana, sitakaa sana. Shahada haitakupa ajira kwa kuwa tu imeandikwa samani, na makochi ya kiwandani yataendelea kuja. Lakini kujua kwa nini kiti cha kulia chakula kinakaa vizuri kikiwa na kimo cha kama sentimita 45, kuchora kitu mteja akakiona kabla ubao haujakatwa, kupiga hesabu ya gharama usiuze jasho lako kwa hasara, hayo karakana nyingi zinayahitaji sana. Na kwa wasomaji wengine ambao wangependa njia hii: huko Chuo Kikuu Ardhi wanafundisha usanifu wa ndani, Moshi kuna chuo cha viwanda vya misitu, FITI, kwa wanaotaka kuijua mbao yenyewe, na VETA kwa wanaotaka kuanzia kwenye randa. Si lazima kila mtu apite mlango wa shahada.

Nimeliacha lile la kiti hadi sasa kwa sababu nataka ulisome taratibu. Ulikuwa mwaka wa kwanza, umetoka Tabora, mwalimu amekusifu mbele ya darasa, ulimi ukateleza. Nakuelewa. Lakini tazama kilichotokea: mjini ulificha jina la mjomba ili ung'are, nyumbani ulimsahihisha mjomba ili ung'are. Mara zote mbili yeye ndiye aliyepungua. Nadhani unalijua hilo, ndiyo maana kiti kinakujia kichwani akikohoa.

Watemi wa Unyamwezi walikuwa na viti vya enzi vya mgongo mrefu, vimechongwa kwenye gogo moja, vingine vina sura ya mtu mgongoni. Kimoja kipo Berlin, kwenye jumba la makumbusho, watu wanakwenda kukitazama. Aliyekichonga hatumjui kwa jina. Wewe una nafasi ambayo wenye kukibeba kile kiti hawakuijali. Unaweza kumwandikia mwalimu wako, kwa adabu, kwamba kiungo kile ulifundishwa na mjomba wako, fundi wa Tabora, na unaomba ripoti isomeke hivyo. Hatari ipo: anaweza kupunguza alama, na vyuo vingine vina sheria kali juu ya kazi isiyo yako. Unaweza pia kuanza na mjomba mwenyewe kabla ya mwalimu, au ukaamua kulirekebisha kwenye kazi ya mwaka wa mwisho kwa kuandika jina lake ukurasa wa kwanza. Uzito wa kila njia utaupima wewe. Ila kwa mjomba, sioni cha kusubiri. Hebu mfikirie akisikia kwamba kitu alichokuonyesha siku moja pale chini ya muembe kilisimamisha darasa zima Dar es Salaam.

Mwendee asubuhi, kabla kaka yako hajatoka na bajaji na kabla majirani hawajaamka kusikiliza. Mpelekee chai. Funguo ziweke mezani katikati yenu, usizirudishe na usizishike. Mwombe radhi kwa ile siku ya mteja, kwa maneno machache, bila kuweka "lakini" ya mbao na unyevu mbele yake. Mwambie habari ya kiti. Kisha mwulize alimaanisha nini aliposema amechoka, halafu nyamaza, hata kama atakaa dakika kumi akiizungusha chai.

Na atakapoanza kuongea, mwulize kwa niaba yangu: ile kabari, yeye alifundishwa na nani?